Walimu Waliovuka Bahari: Unguja, Maskati na Thamani ya Cheti

Neno mtaalamu lina kichekesho ndani yake. Kwa Kiarabu, lilikotoka, muta'allim ni mtu anayejifunza, au aliyepata kusoma. Anayefundisha ni mu'allim, ambaye Waswahili wamemfanya mwalimu. Kiswahili kikampandisha daraja yule mwanafunzi, kikamfanya bingwa wa fani yake. Mzanzibari aliyefika Maskati mwaka 1971 na kujitambulisha kwa neno hilo alikuwa, masikioni mwa wenyeji wake, akisema tu kwamba yeye ni mtu aliyepita skuli. Na katika nchi aliyofikia, mwaka ule, hilo lilikuwa dai kubwa la kutosha.

Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alishika utawala wa Oman badala ya baba yake, Said bin Taimur. Nchi aliyoirithi ilikuwa na skuli tatu za msingi, zenye wanafunzi wasiofika elfu moja, wote wavulana, na barabara ya lami ya kilomita chache tu. Mafuta yalikwishaanza kusafirishwa tangu mwaka 1967, kwa hivyo fedha zilikuwa zikiingia. Kilichokosekana ni watu wa kushika kalamu. Sultani mpya akawaita Waomani waliotawanyika ughaibuni warejee. Wengi walikuwa Kuwait, Bahrain na kwingineko katika Ghuba wakifanya kazi za mikono. Lakini lilikuwapo kundi jingine, lenye lugha ya Kiingereza, vyeti vya sekondari na mazoea ya ofisi, nalo lilikuwa limelelewa mbali zaidi, katika visiwa vya Unguja na Pemba.

Kisa cha watu hao husimuliwa kwa namna mbili zisizosalimiana. Huko Maskati husimuliwa kwamba walifukuzwa kwao, wakafika mikono mitupu, wakajenga nchi. Huku visiwani husimuliwa kwamba walikuwa mabwana, hawakustahamili kumwona mtoto wa mkulima ameketi sawa nao, wakakimbia. Kila simulizi ina haki yake na kila moja ina uchoyo wake. Zote mbili, hata hivyo, hulisahau darasa lililobaki: madawati yaliyojaa watoto, ubao uliopakwa rangi upya, na mbele ya ubao hapana mtu wa kufundisha hesabu.

Ili kulielewa darasa hilo, hapana budi kurejea nyuma. Zanzibar ilipokuwa chini ya himaya ya Uingereza, tangu mwaka 1890 hadi 10 Disemba 1963, soko la kazi za kalamu lilipangwa kwa rangi na asili, bila ya tangazo lolote, kama watu wanavyojipanga katika karamu kila mmoja akijua mkeka wake. Vyeo vya juu vilikuwa vya Waingereza. Makarani, washika fedha na waweka hesabu, wengi wao walitoka Bara Hindi: Wagoa, Waparsi na wenziwao. Bomi Bulsara, Mparsi aliyekuwa mshika fedha wa mahakama kuu ya Unguja, anajulikana leo duniani kwa sababu moja tu, kwamba mwanawe alikuja kuwa mwimbaji Freddie Mercury; aila hiyo iliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964. Walimu, makadhi, wakaguzi wa afya na wasimamizi wa kilimo walitoka zaidi katika jamii za Waarabu, Wangazija na Waswahili wa mjini. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mtoto wa shamba, hasa aliyekuwa wa mkulima asiye na ardhi, alizisikia kwa mbali tu.

Kwa hivyo wataalamu wa Zanzibar walikuwa wachache, wa mjini, na waliofanana kwa nasaba. Udhaifu huo haukuonekana wakati mambo yalipokuwa shwari. Walimu wale walikuwa na heshima kubwa, na heshima hiyo haikuwa ya bure. Walikuwa na jarida lao, Mazungumzo ya Walimu wa Unguja, ambamo mambo ya ufundishaji yalikaa pamoja na hadithi na masuala ya lugha, na anayetaka kujua nathari ya Kiswahili cha kisasa ilijifunzia wapi kutembea hana budi kupita hapo. Muhammed Said Abdulla, aliyempa msomaji Bwana Msa, alianza kazi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa jarida la kilimo, Mkulima. Serikali ya kikoloni, ambayo haikukusudia kulea fasihi, ililea watu wenye mshahara wa kila mwezi, meza na karatasi. Fasihi ikajikuta imepata pa kukaa.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalikipindua chote hicho kwa muda wa wiki chache. Watu kwa maelfu waliuawa, wengi wao Waarabu. Wengine walitiwa kizuizini, wengine walipakiwa vyomboni wakapelekwa Uarabuni. Maofisa wa Kiingereza waliondolewa katika mwaka huohuo. Makarani wa Kihindi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na kila kazi za serikali zilivyozidi kutolewa kwa kigezo cha uaminifu wa kisiasa, ndivyo walivyozidi kuondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilifika zamu ya Wangazija, ambao serikali iliwahesabu kuwa si raia, na wengi wakapoteza kazi. Jamii hiyo, ikilinganishwa na udogo wake, ndiyo iliyokuwa imetoa walimu na makarani wengi kupita kiasi. Kuondoka kwenyewe kulifanywa kwa siri, kwa sababu ruhusa ya kusafiri ilikuwa ngumu kupatikana: usiku, kwa ngalawa au jahazi, kuelekea Tanga au Mombasa, cheti kimekunjwa ndani ya nguo.

Katikati ya hayo, tarehe 23 Septemba 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote. Lilikuwa tendo la haki, na tarehe hiyo inaadhimishwa hadi leo. Lakini lilifanyika katika mwaka uleule ambao walimu walikuwa wakipungua. Idadi ya wanafunzi ikapanda wakati idadi ya walimu waliofunzwa ikishuka, na pengo baina ya mistari hiyo miwili ndilo lililoitawala elimu ya Zanzibar kwa miongo iliyofuata. Waandishi wanaolaumu tangazo lenyewe wanakosea. Kungoja mpaka walimu watoshe kungekuwa na maana ya kuwafungia nje tena watoto walewale waliokwisha kufungiwa nje kwa miaka sabini.

Serikali ililiziba pengo kwa ilichokuwa nacho mkononi, yaani vijana. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyefariki mwaka 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alimaliza kidato cha sita mwaka 1963. Matarajio ya kijana wa daraja hiyo yalikuwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Badala yake alitakiwa abaki, ashike moja ya nafasi zilizoachwa wazi. Akafundisha katika Skuli ya Lumumba, iliyokuwa ikiitwa King George VI, na katika Skuli ya Fidel Castro huko Pemba, na hakuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka mwaka 1972. Jina la Maalim lililomfuata maisha yake yote lina asili yake katika miaka hiyo. Walikuwapo wengine wengi wa rika lake ambao majina yao hayakuandikwa popote, waliofundisha darasa la nne kwa elimu ya darasa la kumi, na jioni wakikaa kwa taa ya chemni kujisomea watakachofundisha kesho.

Ni lazima isemwe pia kwamba soko la kazi lililofunguka kwa namna hiyo liliwafaa watu ambao lisingewafaa kamwe. Mtoto wa mkulima wa Makunduchi au Micheweni akawa mwalimu mkuu, afisa wa wilaya, mkaguzi wa mapato. Chini ya utaratibu wa zamani angengoja miaka ishirini, na baada ya kungoja huenda angeambiwa nafasi imejaa. Anayehesabu hasara ya mwaka 1964 asipoihesabu na faida hii, atakuwa amefanya hesabu ya upande mmoja wa daftari.

Hospitali ilikuwa na shida ya aina nyingine, kwani daktari hawezi kutengenezwa kwa taa ya chemni. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ikapata maana yake halisi: kundi la kwanza la madaktari wa Kichina lilifika mwaka 1964, na jimbo la Jiangsu limeendelea kuleta makundi hayo, moja baada ya jingine, hadi katika karne hii, Unguja katika hospitali ya Mnazi Mmoja na Pemba katika hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Ujerumani Mashariki, ambayo Zanzibar iliitambua mwaka 1964, ilileta wataalamu wake, na nyumba za Kikwajuni na Michenzani ni ushahidi wa wahandisi wake. Hospitali kuu ya mjini, iliyokuwa na jina la wafadhili wake wa Kihindi, Karimjee Jivanjee, ikaitwa V. I. Lenin kabla ya kuwa Mnazi Mmoja. Jina la ubaoni lilifuata pasipoti ya daktari. Mgeni alitibu vizuri. Lakini daktari anayekaa miaka miwili akarejea kwao, na ambaye huzungumza na mgonjwa kupitia mkalimani, humwachia mwenyeji uponyaji bila ya kumwachia ujuzi.

Waliotoka walikwenda wapi? Bahati yao ilitegemea jambo dogo ambalo hakuna aliyelifikiria alipokuwa akisoma: lugha ya cheti. Wangazija waliorejea katika visiwa vya wazee wao walikuta utawala wa Kifaransa, uliodumu hadi mwaka 1975, na vyeti vyao vya Kiingereza vikawa karatasi za kawaida. Waliokwenda Uingereza walikuta vyeti vinasomeka, lakini mwenye cheti akatazamwa rangi. Wanafunzi waliokuwa Cairo na Ulaya ya Mashariki mapinduzi yalipotokea, wengi walibaki hukohuko au wakahamia kwingine. Na Bara nako kulikuwa na nafasi. Muungano wa 26 Aprili 1964 ulifungua ofisi, balozi na vyuo vya Tanzania kwa Mzanzibari msomi, na Salim Ahmed Salim akawa balozi Cairo mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 22. Abdulrahman Babu akahamishiwa katika baraza la mawaziri la Muungano. Wako wasemao kwamba Karume alifurahi kuwaona wasomi wakivuka mkondo wa Zanzibar, maana waliobaki hawakuwa wepesi wa kubishana. Iwe iwavyo, Dar es Salaam nayo ilikuwa ughaibuni kwa maana ya darasa tupu la Unguja.

Kisha ukaja mwaka 1970, na Maskati.

Hapa historia ilifanya kejeli ambayo mshairi asingethubutu kuitunga. Ili Mzanzibari apate uraia na kazi Oman, ilimpasa athibitishe kwamba ana asili ya huko. Na uthibitisho huo ulipatikana kwa nisba, jina la kabila, na kwa ushahidi wa sheikh wa kabila hilo kwamba babu wa mtu huyu alitoka katika kijiji fulani cha ndani ya Oman. Jina lilelile ambalo mwenyewe alitamani lisitamkwe mlangoni mwake mwezi wa Januari 1964 ndilo lililomfungulia mlango miaka sita baadaye. Lakini rafiki yake waliyekaa dawati moja King George, Mngazija au Mswahili au Mhindi, mwenye alama bora kuliko zake, hakuwa na sheikh wa kumshuhudia. Watu hupenda kusema kwamba mtaalamu huhama kwa ujuzi wake. Waliofika Oman katika miaka ile walihama kwa ujuzi na kwa babu, na babu ndiye aliyetangulia.

Walipofika, kazi zilikuwa zikiwangoja. Kampuni ya mafuta ilihitaji watu wa kuandika Kiingereza. Benki zilihitaji watu wa hesabu, wizara ya afya ilihitaji wauguzi, jeshi na polisi vilihitaji maofisa wanaoweza kuzungumza na washauri wa Kiingereza. Kwa kufundisha, mambo yalikuwa tofauti. Skuli mpya zilisomesha kwa Kiarabu, na walimu wake wengi waliletwa kutoka Misri, Sudan na Jordan. Mzanzibari ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni na msikitini alipewa somo la Kiingereza, au akaacha chaki na kwenda ofisini. Hivyo walimu wengi wa Unguja walipokewa na Oman na wakapotea wakiwa walimu. Hasara hiyo haimo katika simulizi ya Maskati wala katika simulizi ya Unguja, kwa kuwa mshahara mkubwa huificha.

Wanawake wana sura yao. Zile skuli tatu za mwaka 1970 hazikuwa na msichana hata mmoja, ilhali Unguja ilikuwa imesomesha wasichana katika skuli za serikali kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana miongoni mwa wanawake wa mwanzo kukaa nyuma ya meza za ofisi, katika mawodi ya hospitali na mbele ya vipaza sauti vya redio huko Oman, waliozungumza Kiswahili walikuwa wengi. Baadhi ya wenyeji walistaajabu, wengine walikasirika. Nao wakaitwa Zinjibari, jina ambalo lilikuwa na utani na kidonge ndani yake. Katika ofisi za Ruwi, Kiswahili kikawa lugha ya kupeana habari za nafasi za kazi, na asiyekijua akajiona amefungiwa nje ya baraza. Wageni wa jana, walioonja uchungu wa kutengwa kwa nasaba, hawakuchelewa kujenga baraza lao.

Upendeleo huo haukudumu, na haukutazamiwa udumu. Watoto wa Oman walisoma. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa mwaka 1986, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 serikali ilianza kuwaweka raia katika nafasi za wageni kwa mpango maalumu. Kiingereza kikawa cha wengi. Wajukuu wa Unguja wakawa wanasema Kiarabu kama wenziwao, na Kiswahili kikabaki jikoni, kwa bibi.

Ajabu ni kwamba jina la msiba huu, kuvuja kwa bongo, halikutungwa na mtu wa nchi maskini. Lilitungwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale Waingereza walipolalamika kwamba wanasayansi wao wanakimbilia Marekani. Nchi iliyokuwa ikilalamika hivyo ilikuwa wakati huohuo ikipokea madaktari na wauguzi kutoka makoloni yake ya zamani, na kwa hao haikuona kuvuja kokote. Katika miaka ya 1970 mwanauchumi wa Kihindi, Jagdish Bhagwati, alipendekeza kwamba mtaalamu aliyehama atozwe kodi ya ziada huko aliko, na fedha zake ziende katika nchi zilizo nyuma kimaendeleo. Pendekezo lina uadilifu wake, ila mtu akijaribu kulivisha Zanzibar ya wakati huo, nguo haimkai. Nani angekusanya kodi hiyo kwa mtu aliyetoka usiku kwa ngalawa, na nani angemwambia kwamba anadaiwa na serikali iliyomfukuza kazi?

Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, walitokea wanauchumi wengine waliosema kinyume: kwamba matumaini ya kuhama huwafanya vijana wengi wasome kwa bidii, na kwa kuwa si wote wanaohama, nchi hufaidika na wanaobaki. Hoja hiyo huhitaji mambo mawili, mlango ulio wazi na skuli yenye walimu. Zanzibar ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa imefunga mlango, na skuli zake ndizo zilizokuwa zimekimbiwa. Nadharia nyingi za uhamaji zimeandikwa na watu ambao hawakupata kufikiri kwamba anayehama anaweza kuwa ndiye mwalimu mwenyewe.

Haikuwa kwamba visiwa havikuwa na fedha. Karafuu ilipata bei nzuri sana katika miaka ya 1970, hata Zanzibar ikawa na televisheni ya rangi mapema katika muongo huo, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Kilichokosekana hakikununulika kwa karafuu. Na si Maskati peke yake iliyochukua walimu. Siasa nayo ilichukua. Marais watatu waliomfuata Karume, Aboud Jumbe, Ali Hassan Mwinyi na Idris Abdul Wakil, wote waliwahi kuwa walimu. Nchi iliyopungukiwa na wasomi humtoa mwalimu darasani ili aiendeshe, na kila anayepanda huacha darasa jingine nyuma yake.

Katikati ya miaka ya 1980 bei ya karafuu ilianguka, biashara ikaachiwa huru, na safari zikawa rahisi. Awamu hii ya pili haikuwa na vishindo. Mshahara wa mwalimu ulikuwa umeliwa na bei za vitu, na mtu aliyehesabu aliona kwamba mwezi mmoja Dubai unazidi mwaka mmoja Mkokotoni. Fedha zilizorudi zilijenga nyumba, zilichimba visima, zilisomesha wadogo zao. Makasha yaliyotoka Ghuba yaliwavisha watu wengi sikukuu. Hayo ni mema na wenye kuyabeza hawajapata kungojea kasha. Lakini fedha hizo zilikwenda kwa aila, na skuli ya serikali si aila ya mtu.

Halafu ikaja mahoteli. Kuanzia miaka ya 1990 fukwe za kaskazini na mashariki ya Unguja zilijaa wageni, na hoteli zikatafuta watu wanaojua Kiingereza na adabu za kazi hiyo. Hapo ndipo deni la mwaka 1964 lilipodaiwa, na aliyedaiwa ni mtoto ambaye hakuwa amezaliwa. Nafasi nyingi za mapokezi, za usimamizi na za jikoni zilikwenda kwa Wakenya na watu wa Bara waliofunzwa kwao, na kijana wa Nungwi au Paje akapewa bustani na ulinzi. Kisiwa kilichowahi kupeleka Kiingereza chake Maskati kikawa kinaagiza Kiingereza kutoka Mombasa. Malalamiko yakawa mengi, Sheria ya Ajira Nambari 11 ya mwaka 2005 ikaweka masharti ya vibali kwa wageni, na wanasiasa wakatoa hotuba. Sheria inaweza kumzuia mgeni mlangoni; kumfundisha mwenyeji kazi ya mgeni ni shughuli ya darasa. Na walimu wachache waliojua Kiingereza vizuri waligundua kwamba mtembeza watalii hupata kwa siku chache anachopata mwalimu kwa mwezi. Wao hawakuvuka hata bahari. Walihama kutoka skuli hadi ufukweni, masafa ya daladala moja, na skuli ikawakosa vilevile kama walikwenda Oman.

Matibabu yalianza pale ambapo yalipaswa kuanza. Zanzibar, ambayo kwa miongo mingi iliwapeleka vijana wake Makerere, Dar es Salaam, Cairo na Ulaya kwa elimu ya juu, ilipata vyuo vikuu vyake mwishoni mwa miaka ya 1990: Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu na chuo cha ualimu cha Chukwani vikafunguliwa mwaka 1998, na sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, ikapitishwa mwaka 1999. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba kilianza kufunza madaktari hapahapa visiwani, na wa mwanzo wakahitimu mwaka 2013. Huyu alikuwa mgeni wa namna nyingine, aliyemwachia mwenyeji ujuzi. Ilichukua karibu miaka hamsini kutoka kundi la kwanza la Wachina hadi daktari wa kwanza aliyesomea udaktari wake Unguja.

Lakini daktari huyo ana cheti kinachosomeka Bara na kwingineko, na mshahara wa kwingineko anaujua. Walimu wa sayansi ni walewale wachache wanaogombaniwa na kila mtu. Wahitimu wa fani nyingine ni wengi kuliko nafasi, na hapa pana fumbo ambalo wasiolijua hudhani ni uvivu wa vijana: kijiji kinaweza kukosa mwalimu na mwalimu aliyefunzwa akakaa barazani kijijini humohumo miaka mitatu, kwa sababu hazina haina fungu la kumlipa. Upungufu wa wataalamu na ukosefu wa ajira kwa wataalamu hukaa nyumba moja.

Oman nayo imebadilika. Mwaka 2011 vijana wake waliandamana Sohar wakidai kazi, na serikali ikaahidi nafasi 50,000. Mwaka 2021 waliandamana tena. Miongoni mwa wanaotafuta kazi huko sasa wamo wajukuu wa wale walioshuka mwaka 1971 na cheti cha Cambridge na wakaanza kazi wiki ileile. Nafasi za kalamu kwa anayetoka Zanzibar ni chache mno. Anayekwenda Maskati leo mara nyingi ni msichana, amepita kidato cha nne, pengine na cheti cha chuo juu yake, na kazi anayoifuata ni ya ndani: kupika, kufua, kulea. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watumishi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, ikiwamo habari za pasipoti kushikwa, mishahara kutolipwa na saa za kazi zisizokwisha. Katika mkataba wake hapaulizwi alisoma nini. Anaulizwa kama anajua Kiswahili, maana katika baadhi ya nyumba hizo yuko bibi mzee, aliyewahi kusomesha Unguja, ambaye Kiarabu chake hakijapata kukaa sawa, na anataka mtu wa kuzungumza naye.